Kiwiko cha chuma kitamfikisha mama wapi?



Mwezi uliopita, siku ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu aliomba neno. Wengi wenu mnamjua kwa kazi ya mikono yake. Kwenye arusi na kwenye matanga ndiye aliyesonga bugali ya sufuria kubwa, ile ambayo mwiko wake unashikwa kwa mikono miwili. Leo hawezi kufunga kitambaa cha kichwa bila binti yake. Chai anaiinamia mezani, kwa sababu mkono wake wa kuume haukunjiki tena kufika mdomoni. Ana miaka 41.

Mtoto wake aliye Ulaya alimtumia habari kwenye simu kwamba huko waganga wanaondoa kiwiko kilichoharibika na kuweka kingine cha chuma. Basi wakubwa wa familia wamekaa, wamesema wauze parseli iliyobaki, apelekwe Kampala. Yeye hakutuomba pesa. Alituuliza tu: "Hicho kiwiko kikishawekwa, kitanifikisha wapi?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulienda kuuliza wanaojua, tukasoma, tukarudi. Tunaandika hapa tuliyoyapata kwa sababu tunajua si yeye peke yake. Katika kila kikundi, Butembo na Beni, kuna mama anayeficha vidole vyake chini ya kikwembe.

Jina linalotudanganya

Kiswahili kinauita ugonjwa huu baridi yabisi, na sisi wengi tunasema tu rimatizi. Jina hilo limetufanya tuamini kwamba unaletwa na baridi. Butembo ni mji wa milima, asubuhi tunaamka na ukungu, maji ya kufulia ni baridi, kwa hiyo tunaona sababu iko wazi. Lakini ugonjwa wenyewe uko pia Kinshasa kwenye joto. Waganga walipochunguza watu wa mji huo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2012, walikuta kiasi cha watu 6 kati ya 1000 wanao. Baridi huweza kuongeza maumivu ya kiungo kilichokwisha kuugua. Haianzishi ugonjwa.

Kinachoanzisha ni vita ndani ya mwili. Ile nguvu ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu inakosea, inageukia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unajaa maji, unakuwa mnene, kisha unaanza kula gegedu inayofunika ncha za mifupa, na mwisho mfupa wenyewe. Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa wanauita poliatriti ya rimatoide. Unawapata wanawake kiasi cha mara tatu kuliko wanaume. Sisi akina mama tunapaswa kujua jambo jingine pia: mara nyingi ugonjwa hutulia wakati wa mimba, halafu hurudi kwa nguvu, au huanza kabisa, katika miezi inayofuata kuzaa. Ni mama wangapi tumewasikia wakisema "tangu nizae huyu mtoto, mikono yangu imefungwa"? Na ni mara ngapi lawama imemwangukia mama-mkwe, au mke mwenza, au mkunga, kwa kitu ambacho hakuna aliyekitupa?

Mtautambuaje? Unapenda viungo vidogo kwanza: mafundo ya vidole, viganja, vidole vya miguu. Unapenda pande mbili, mkono wa kuume na wa kushoto. Asubuhi mikono inakuwa migumu kama mti, na ugumu huo unakaa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Ule wa uchovu wa shamba hulegea upesi. Viungo vinavimba, ukivigusa ni laini na vina moto kidogo, na hali hiyo inapita wiki sita. Mama hana nguvu, anapungua mwili. Kiwiko huja baadaye kwa wengi. Kwanza kinakataa kunyooka, halafu kinakataa kukunjika.

Si kila maumivu ya viungo ni ugonjwa huu. Goti la bibi aliyebeba mizigo miaka 50 ni jambo jingine. Na kwetu kuna waliopona Ebola ya Agosti 2018 hadi Juni 2020, ambao wengi walibaki na viungo vinavyouma miezi mingi baada ya kutoka kwenye vituo vya matibabu. Hao nao wasichukue dawa za poliatriti kwa kusikia kwa jirani. Kipimo cha damu kinasaidia, lakini damu inaweza kuonyesha hakuna kitu na ugonjwa upo. Daktari anayeshika vidole vyako kimoja kimoja na kukuuliza habari za asubuhi anaweza kujua mengi kuliko karatasi ya maabara.

Kiwiko kipya ni nini hasa

Kiwiko ni mahali ambapo mifupa mitatu inakutana, mmoja wa juu na miwili ya chini. Mpasuaji anafungua nyuma ya mkono, anasogeza kwa uangalifu ule mshipa wa fahamu unaopita karibu na ncha ya kiwiko (ndio unaotupiga kama umeme tukigonga kiwiko kwenye mlango), anakata ncha za mifupa zilizoharibika, kisha anaingiza vipande viwili vya chuma: kimoja ndani ya mfupa wa juu, kingine ndani ya mfupa wa chini. Anavishika kwa saruji ya mifupa. Katikati kuna bawaba kama ya mlango, na ndani ya bawaba kuna plastiki ngumu ili chuma kisisage chuma. Bawaba hiyo imelegezwa kidogo kwa makusudi. Zile za kwanza, za miaka ya 1970, zilikuwa ngumu mno, zikang'oka kwenye mfupa mapema.

Inayotajwa sana ni ile iliyobuniwa na mpasuaji Mmarekani Ralph Coonrad, kisha ikarekebishwa na Bernard Morrey wa Mayo Clinic, huko Rochester, Marekani. Hospitali hiyo ilifuatilia wagonjwa wake wa poliatriti kwa miaka mingi, nayo ndiyo iliyotupa jibu lenye hesabu. Waliwekewa viwiko 461 kati ya 1982 na 2006. Hesabu yao inasema hivi: ukichukua viwiko 100, baada ya miaka 10 viwiko 92 bado viko mahali pake bila kubadilishwa wala kuondolewa. Baada ya miaka 15 vinabaki 83. Baada ya miaka 20 vinabaki 68.

Tulipomsomea mama wetu hesabu hiyo alikaa kimya, akahesabu kwa vidole. Miaka 20 kutoka leo atakuwa na 61. Akasema, "Basi nina nafasi mbili kati ya tatu za kukizeeka nacho." Ndivyo karatasi inavyosema, na si kidogo. Kuhusu maumivu habari ni nzuri zaidi: wengi wa waliopasuliwa walibaki bila maumivu au na maumivu madogo, hata miaka mingi baadaye. Mkono unarudi kufika mdomoni, kufika kwenye kitambaa cha kichwa, kufika mgongoni kufunga nguo. Haunyooki wote kama zamani, lakini mama anakula kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekaa miaka mitano akilishwa na binti yake anajua thamani ya hilo, sisi wenye mikono mizima tusijifanye tunalijua.

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa sababu familia ikiuza parseli iwe inajua. Kiwiko hakina nyama ya kukifunika kama nyonga. Ngozi ya pale ni nyembamba, na kwa mtu aliyekunywa dawa za kotizoni miaka mingi ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo kidonda kinaweza kuchelewa kufunga, na vijidudu vinaweza kuingia hadi kwenye chuma. Katika wale wa Mayo ilitokea kwa viwiko 10, yaani 2 kati ya 100, na hiyo ni hospitali kubwa yenye kila kitu. Vijidudu vikikaa kwenye chuma, dawa za kumeza peke yake hazitoshi. Inabidi kufungua tena, pengine kuondoa chuma chote, na mama anabaki na mkono unaoning'inia. Mshipa ule wa fahamu nao unaweza kuumizwa, vidole viwili vya mwisho vikabaki na ganzi. Na plastiki ya ndani inaisha polepole, kama soli ya kiatu.

Kubadilisha kiwiko cha chuma mara ya pili ni kazi kubwa kuliko mara ya kwanza. Mfupa umekwisha kuwa mwembamba, saruji ya zamani lazima itolewe, na wapasuaji wanaoweza kazi hiyo ni wachache hata kwa wenzetu matajiri.

Kuna jambo moja ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa mahali popote, ila tulilielewa tulipouliza kwa nini viwiko vya wagonjwa wa poliatriti vinadumu kuliko vya watu waliovunjika kwa ajali. Jibu: kwa sababu mgonjwa wa poliatriti anautumia mkono wake kidogo. Vidole vinauma, bega linauma, hawezi kubeba kitu kizito hata akitaka. Chuma kinadumu kwa sababu kinapumzika. Wale wa Mayo walikuwa wanafungua bomba, maji yanatoka. Hatuna uhakika hata mmoja wao alipanda kilima na bidoni.

Kilo moja, kilo tano

Sheria ya wapasuaji hao kwa mkono uliowekewa chuma ni hii, na ni ya maisha yote: usinyanyue kwa mkono huo zaidi ya kilo 5 kwa mara moja, na kitu unachokinyanyua mara kwa mara kisizidi kilo 1.

Tukaigeuza sheria hiyo kuwa maisha yetu. Bidoni ya manjano ya lita 20 ni kilo 20. Bidoni ndogo ya lita 5 ikijaa imefika mwisho wa ruhusa, na hiyo ni ya mara moja, si ya kwenda na kurudi. Mchi wa kutwangia sombe, ukiupandisha na kuushusha nusu saa, umevunja sheria mara mia. Jembe vilevile, kwa sababu kila likigonga jiwe kishindo chote kinaishia kwenye kiwiko. Kusonga bugali ya watu kumi, hapana. Kusukuma chukudu iliyokwama, hata tusiseme. Mtoto mchanga wa kilo 3 unaweza kumpakata. Mjukuu wa miezi minane, mwenye kilo 8, hutamnyanyua kutoka chini kwa mkono huo, mpaka akuletewe magotini. Mama wetu aliposikia la mjukuu ndipo alipotoa machozi. Ya jembe aliyapokea bila neno.

Hatari kubwa inakuja mwezi wa sita au mwaka wa kwanza, wakati maumivu yamekwisha. Mtu ambaye haumwi husahau. Majirani nao husahau haraka zaidi: wanamwona mkono unakunjika, wanasema amepona, kwa nini hatoki shambani? Bwana wake anaweza kusema vilevile. Kwa hiyo tunaona kwamba kabla ya kuuliza bei ya upasuaji, familia ijibu kwanza nani atachota maji, nani atatwanga, nani atalima, kwa miaka 20. Wakijibu "tutaona", basi wanauza parseli kununua kitu kitakacholegea.

Wengine watasema: sisi hatubebi kwa mikono, tunabeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso. Ni kweli, wanawake wa milima yetu wamebeba hivyo tangu mababu, na viwiko vinapumzika. Lakini hapa tunaomba msikilize vizuri sana. Poliatriti ya siku nyingi inaweza kulegeza mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo, pale kichwa kinapokaa. Mzigo unaovuta kichwa unaweza kuikandamiza njia ya fahamu inayopita humo. Mama mwenye ugonjwa huu asibebe mzigo kwa kamba ya kichwani, hata kama shingo haijaanza kumuuma. Akianza kusikia ganzi mikononi au miguu kukosa nguvu, maumivu nyuma ya kichwa, au umeme unaoshuka mgongoni akiinamisha kichwa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa atapasuliwa kitu chochote, iwe kiwiko au hata uzazi, amwambie mtu wa nusukaputi mapema kwamba ana ugonjwa huu, kwa sababu ya namna wanavyopindisha shingo wanapoingiza mpira wa hewa.

Na chale! Kuchanja kiwiko na kupaka dawa nyeusi kunafanyika bado, sisi wenyewe tumechanjwa. Kwa mwenye chuma ndani ni kuvifungulia vijidudu mlango. Hata sindano ya mtaani karibu na kiwiko hicho asikubali. Kidonda chochote cha mkono huo kioshwe na kitibiwe bila kungoja.

Huko walikotoka viwiko, sasa wanaviweka kidogo

Hili lilitushangaza. Katika nchi za Ulaya zinazoandika kila kiungo kinachobadilishwa, kama Finland, Sweden na Norway, idadi ya wagonjwa wa poliatriti wanaowekewa kiwiko imeshuka sana kuliko miaka ya 1990. Siku hizi viwiko vingi vya chuma wanawekewa vikongwe waliovunjika kwa kuanguka. Wagonjwa wa poliatriti wameacha kufika kwenye kisu kwa sababu wanaanza dawa mapema, katika miezi ya kwanza, kabla mfupa haujaliwa.

Dawa yenyewe inaitwa metotrekseti. Si mpya wala si ya matajiri peke yao. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya ugonjwa huu, pamoja na salfasalazini na hidroksiklorokwini. Haiui maumivu siku hiyo. Inachukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na wengi wanaiacha kwa kukosa subira. Lakini inazuia utando usile mfupa, kitu ambacho dawa za maumivu haziwezi.

Mambo yake ya hatari tunayaandika yote, msiyaruke. Inamezwa mara moja kwa wiki. MARA MOJA KWA WIKI. Chagueni siku moja, kwa mfano Jumapili baada ya misa au ibada, na mtu mwingine nyumbani ajue siku hiyo. Mtu aliyeimeza kila siku kama vidonge vingine anaweza kufa. Siku nyingine anapewa asidi ya foliki ili mwili uivumilie. Kabla ya kuanza anapimwa ini, damu, figo, na kuangaliwa kama hana kifua kikuu. Baada ya hapo vipimo vinarudiwa kila baada ya muda. Kasiksi na pombe nyingine aziache, kwa ajili ya ini. Na mama mwenye mimba, au anayetaka mimba, au anayenyonyesha, asiiguse kabisa, kwa sababu inaharibu mimba na kuumiza mtoto. Aseme mapema kwa daktari apewe nyingine. Zile mbili tulizotaja hapo juu huruhusiwa wakati wa mimba. Binti aliye kwenye umri wa kuzaa akiandikiwa metotrekseti bila kuulizwa habari za uzazi wa mpango, aulize yeye.

Tunachokiona sokoni ni kinyume. Kuna kile kidonge kidogo cha deksa, ambacho wengine hununua ili wanenepe mashavu. Mgonjwa wa viungo akikimeza anaamka kesho anacheza, na ndiyo maana kinapendwa. Daktari huweza kukitoa kwa kipimo kidogo na kwa muda. Mwaka baada ya mwaka bila daktari kinakonda mifupa, kinapandisha sukari na presha, kinafanya ngozi kuwa kama karatasi, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Mama wetu alikimeza miaka sita. Hakuna aliyemwambia, nasi hatukujua. Ila yeyote anayekimeza siku nyingi asikiache kwa ghafla. Mwili umekwisha kukitegemea, kukikata siku moja kunaweza kumwangusha. Daktari anakipunguza polepole.

Shida yetu ya kweli ni kwamba mtaalamu wa viungo ni vigumu kumpata. Kenya nako walikuwa na wachache, ndipo wakaanzisha mradi walioupa jina la Uwezo, wa kuwafundisha waganga na wauguzi wa hospitali za kawaida kutambua magonjwa ya viungo. Wazo hilo lingefaa hata kwetu: muuguzi wa kituo cha afya anayejua maswali yale ya asubuhi na ya wiki sita anaweza kuokoa viwiko kuliko mpasuaji wa mbali.

Safari na kisu

Katika hospitali za Butembo na Beni hatukupata anayebadilisha kiwiko. Goma kuna HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na mpasuaji wa mifupa, daktari Jo Lusi, pamoja na mke wake Lyn; lakini tangu vita kufika Goma mwisho wa Januari 2025, safari ya kushuka huko si ya kumshauri mgonjwa. Upande wa Uganda, kupitia Beni na Kasindi, kuna Kampala, na kuna CoRSU ya Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inayojulikana kwa upasuaji wa mifupa. Barabara ya Kasindi mnaijua wenyewe. Anayetaka kwenda apige simu kwanza, aulize mpasuaji swali hili bila aibu: umekwisha kuweka viwiko vingapi? Kiwiko si nyonga. Mpasuaji anaweza kuwa hodari wa nyonga na magoti na asiwe amefanya viwiko. Na chuma peke yake, kabla ya kitanda na safari, ni maelfu ya dolari.

Halafu kuna kurudi. Kiwiko kinataka kuangaliwa kila mwaka au miaka miwili kwa picha, hata kisipouma, kwa sababu kinaweza kuwa kinalegea bila kelele. Familia iliyouza kila kitu kwa safari ya kwanza itapata wapi ya pili?

Kwa wengine kuna upasuaji mdogo zaidi: kuondoa utando uliovimba, na mara nyingine kile kichwa cha mfupa mdogo wa upande wa nje. Hauachi chuma ndani. Unapunguza maumivu kwa miaka kadhaa, ingawa nguvu yake inaisha polepole ugonjwa usipotulizwa na dawa. Unafaa zaidi pale ambapo mfupa haujaliwa sana. Na kabla ya kisu chochote, kine anaweza kumfundisha mgonjwa kuukunja na kuunyosha mkono kila siku bila kuulazimisha, na kumtengenezea kishikio cha kumpumzisha usiku. Mwiko tukautengeneza wenyewe: tulimwomba seremala aufanye mpini mnene na mrefu, tukaufunga kitambaa. Hausongi bugali, lakini mboga unageuza.

Jambo dogo ambalo hatukulijua: mgonjwa ambaye goti au nyonga yake pia imeharibika huanza na mguu. Akipasuliwa mguu atatembelea magongo, na magongo yanakandamiza viwiko. Mwenye kuanza na kiwiko angekuwa amekiweka kipya ili akivunje kwa magongo.

Mama wetu hajauza parseli. Alisema mwenyewe mbele ya wakubwa wa familia, na sisi wawili tulikuwepo: kwanza atulizwe ugonjwa, ajue mkono wa kushoto utaokolewa, maana nao umeanza. Kama baada ya miezi kadhaa ya dawa kiwiko cha kuume bado hakimwachi alale, watazungumza tena habari ya Kampala, wakiwa na hesabu ya maji na ya shamba mkononi. Shemeji yake alinung'unika, akasema wanawake wanaogopa kisu. Kaka yake mkubwa akamwuliza ni siku zipi za wiki atakuwa anachota maji. Hakujibu.

Likelemba ya mwezi huu ilinunua bidoni nne za lita 5 kwa ajili ya nyumba yake, na vijana wa mtaa wanachota kwa zamu Jumatano na Jumamosi. Damu imepimwa. Picha ya viwiko na ya shingo zimekwisha kupigwa, ziko kwenye bahasha kubwa juu ya kabati. Alhamisi ijayo anazipeleka kwa daktari, na mmoja wetu atamsindikiza kwa kuibeba ile bahasha.